Jirani kauza nyumba kwa wiki tisa, ya babu bado ina jina la babu

Mwezi wa tatu bango la kuuza nyumba lilibandikwa dirishani kwa jirani yangu, milango mitatu kutoka kwangu. Mwenye nyumba ni bibi wa miaka 78, mjane. Yeye na mumewe waliingia hapo mwaka 1979, nyumba ikiwa mpya na mtaa mzima bado mchanga mtupu. Tunaishi Almere Haven, Uholanzi, kwenye ardhi iliyotolewa majini: sehemu hii ya Flevoland ilikauka mwaka 1968, na wakazi wa kwanza wa mji walihamia mwaka 1976. Mimi mtoto wa Tanga, bahari naijua inavyojaa na kupwa, na miaka yangu ya kwanza hapa nililala kwa wasiwasi nikijua kitanda changu kiko chini ya usawa wa bahari, na kwamba kinachotuweka pakavu ni tuta na pampu. Kila mwaka bili ya mamlaka ya maji inakuja. Hiyo nailipa bila kunung'unika.

Nyumba yenyewe ni ile Waholanzi wanayoiita rijtjeshuis, nyumba ya safu. Kama umewahi kuziona kota za reli, umeshapata picha: nyumba nane au kumi zimeshikana ukuta kwa ukuta chini ya paa moja refu, kila moja na mlango wake mbele na kibustani chake nyuma. Kinachozidi ni ghorofa. Takriban nyumba nne katika kila kumi Uholanzi ni za namna hii. Nilipokuwa nyumbani nilidhani Ulaya kila mtu ana jumba lake peke yake na uwanja. Sivyo. Mwalimu, dereva wa basi, muuguzi, fundi bomba, wote wako kwenye safu, na mwenzio akikohoa usiku unamsikia.

Rafiki yangu wa Bukoba na mumewe walikuwa wanatafuta nyumba, basi nikaenda nao kuiona. Miaka tisa nimekaa mtaa huu na ndiyo mara ya kwanza kuvuka kizingiti cha bibi yule. Mlangoni kuna kikorido chembamba, kabati la mita ya umeme na gesi, choo cha wageni, ngazi iliyosimama wima kama ya kupandia mnazi. Sebule inaanzia dirisha la mbele hadi la nyuma, jua linapita moja kwa moja. Juu vyumba vitatu na bafu. Juu zaidi, chini ya paa, mashine ya kufulia na tangi la kupashia nyumba joto. Mita za mraba 112 kwa jumla. Bei ya kuanzia euro 415,000.

Nikaingia chooni kunawa mikono. Ukutani ilikuwa inaning'inia kalenda ya siku za kuzaliwa. Nyumba nyingi za Kiholanzi utaikuta hapo, chooni. Haina mwaka, ina tarehe tu na majina, kwa hiyo inatumika milele. Nikawa naisoma bila kukusudia: watoto wake, wajukuu, watu walioandikwa kisha wakachorewa msalaba mdogo. Tarehe 14 mwezi wa nane nikaliona jina la mwanangu, kwa mwandiko wa kalamu ya bluu. Kila mwaka siku ile kadi hudumbukizwa mlangoni kwetu. Nilikuwa nadhani inatoka shuleni. Nilisimama pale mpaka rafiki yangu akaja kuniuliza kama niko salama.

Nalisema hili kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuandika, zaidi ya mara moja, kwamba Wazungu hawana ujirani. Naifuta kauli hiyo. Wana ujirani wa namna yao, wa kimya. Haukuletei sahani ya pilau siku ya Idi, lakini umekuandika ukutani.

Sasa tuje kwenye uuzaji, maana ndiko ninakotaka kufika.

Dalali aliwapanga wanunuzi kwa zamu ya nusu saa nusu saa. Kila aliyependa nyumba akaandika bei yake bila kujua mwenzake kaandika ngapi. Rafiki yangu na mumewe wakaandika 425,000, pesa waliyoikuna mpaka chini ya chungu. Ikaenda kwa mwingine, 441,000. Waliumia sana, na mimi pamoja nao, kwa kuwa hiyo ilikuwa nyumba yao ya sita kukosa. Soko la nyumba hapa linawatesa vijana na wasio na wazazi wa kuwaongezea. Bei ya wastani ya nyumba ilivuka euro 450,000 mwaka 2024, na mwenye kutaka nyumba ya kupanga ya gharama nafuu mjini Amsterdam anaweza kusubiri zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo mtu asije akaniambia huku ni peponi.

Lakini tazama kilichofuata. Mkataba ukaandikwa, tangu 2003 sheria inataka mauziano ya nyumba ya kuishi yawe kwa maandishi, na mnunuzi anapewa siku tatu za kujifikiria, akighairi hadaiwi kitu. Fundi akaja kukagua paa, msingi na mabomba, akatoa ripoti. Benki ikakubali mkopo. Pesa haikugusa mkono wa mtu: ilikaa kwenye akaunti ya mnotari, mwanasheria anayesimamia mauziano, mpaka yeye mwenyewe alipohakikisha kwenye daftari la ardhi kwamba nyumba ni ya bibi huyu kweli na haina deni lililofichika. Daftari hilo, Kadaster, lipo tangu 1832. Mtu yeyote, hata mimi jirani, nikilipa euro chache naambiwa mwenye nyumba ni nani na aliinunua kwa kiasi gani. Siku ya kusaini walikaa kama nusu saa, wakanywa kahawa, funguo zikabadili mkono. Tangu bango mpaka funguo, wiki tisa.

Nilimuuliza bibi kama haimuumi kuuza nyumba aliyozalia watoto. Alisema inamuuma, lakini ngazi zinamuuma zaidi magoti. Nikamuuliza na habari ya watoto, hawakupinga? Hakunielewa. Mumewe alipofariki mnotari alitoa hati ya urithi, na kwa sheria yao mjane alibaki na nyumba yote, watoto wakabaki na dai lao la baadaye. Kwake hilo jambo lilikwisha wiki chache baada ya mazishi, hata halikumbuki vizuri.

Mimi nikarudi nyumbani, nikakaa jikoni, nikaiwaza nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga.

Ni nyumba ya Kiswahili kamili: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, ua nyuma wenye jiko na mdimu. Babu aliijenga. Babu alifariki 1987. Hati ya kiwanja mpaka leo ina jina lake, na ankara ya pango la ardhi inakuja kwa jina lake, kama vile atatoka msikitini baada ya alasiri aende kuilipa. Tangu hapo wamefariki watoto wake watatu, akiwemo baba yangu, Mungu amrehemu. Wamebaki baba mdogo na shangazi, na sisi wajukuu kumi na saba tuliotapakaa kutoka Tanga hadi Muscat na Almere.

Bati la chumba cha uani limetoboka. Kila masika maji yanaingia, ukuta umevimba, chokaa inadondoka. Si kwamba hakuna pesa ya bati. Mimi ninayo, binamu yangu wa Muscat anayo. Hakuna anayepandisha fundi, kwa sababu ukitengeneza leo, kesho utaambiwa umeanza kuichukua nyumba. Na asiyetengeneza naye ananong'onwa kwamba amewatupa wazee wake. Kodi ya vyumba viwili vya wapangaji anaikusanya baba mdogo, na kwa sababu hakuna daftari, kila mtu ana hesabu yake kichwani na kila hesabu ina kinyongo. Nyumba inatuua polepole, na sisi tunaiua.

Kuna watakaosema: unataka tuuze nyumba ya baba kama Mzungu? Hapana. Nyumba ya Ngamiani sitaki iuzwe, na wakitaka kuiuza nitalia. Pale baraza ndipo nilipofundishwa Alifu, pale uani ndipo alipooshwa bibi. Sijaona Almere nyumba inayobeba watu namna ile, na sitaona. Ninachosema ni kwamba hati si tangazo la kuuza. Hati ni ya wanaotaka kubaki. Nyumba isiyo na jina la mtu aliye hai haina wa kuitetea, haina wa kuikarabati, haikopesheki, na siku mjanja mmoja akiamua kughushi, wa kusimama mahakamani na kusema "hii ni yetu" hayupo.

Tena dawa ipo kwetu, si ya kuagiza nje. Sheria zetu si mbovu kama tunavyopenda kusema vijiweni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamkataza mtu kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Waholanzi wana kifungu cha namna hiyohiyo. Upekuzi wa hati, kujua nyumba ni ya nani, upo kwa Msajili wa Hati. Ardhi yetu ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini, tunapewa hati za miaka 33, 66 au 99, na wapo wanaodhani ndiyo maana hatuendelei. Basi wajue kwamba Amsterdam nako manispaa inakodisha ardhi kwa wenye nyumba tangu 1896, na nyumba zinauzwa kila siku. Na sisi ni Waislamu, mgawo wa kila mrithi umeshaandikwa kwenye Kurani. Hesabu haikosekani. Anayekosekana ni mtu wa kubeba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia mpaka Mahakama ya Mwanzo, ateuliwe msimamizi wa mirathi, jina lake liingizwe kwenye hati, kazi ya kugawa ianze.

Naongea na wenzangu wa ughaibuni hasa. Tunakaa huku kwenye mikopo ya miaka 30 (wangu una riba ya asilimia 3.8, nyumbani benki inataka mara kadhaa ya hiyo), tunasoma kila mstari wa mkataba, tunamlipa mnotari bila kubisha. Halafu tukituma pesa Tanzania ya kununua kiwanja tunaridhika na picha ya WhatsApp na neno la dalali. Mimi nilinunua hivyo, Kange, Tanga, mwaka 2016. Muuzaji alikuwa ameshakiuza kwa mtu mwingine mwaka mmoja kabla. Mwenzangu yule ameshajenga mpaka lenta, ana watoto, simlaumu. Shilingi milioni sita zilikwenda, na muuzaji simu haishiki. Kabla ya kununua nyumba hii ya Almere nilikagua hata bomba la choo. Kabla ya kununua kile kiwanja sikumtuma mtu hata mmoja kwenda kuuliza.

Mapagale yetu yamejaa Kibaha, Bunju na Pongwe, nondo zinapata kutu, na kila pagale lina jina la kaka, la shemeji, la rafiki wa utotoni. Tunasema "tunaaminiana". Hati haiondoi uaminifu. Inawalinda ndugu wasije wakajaribiwa siku mmoja wetu akifa ghafla huku ugenini.

Bibi aliondoka Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa sita, kwenda kwenye nyumba ya chini isiyo na ngazi, karibu na bintiye. Nilimpelekea visheti. Kalenda alikuwa ameishika mkononi, hakuipakia kwenye gari la mizigo, akaniambia mwezi wa nane kadi itakuja kwa posta.

Jioni ile nilimpigia kaka yangu Tanga. Tulizungumza kwa saa nzima, mara akapandisha sauti, mara mimi. Baadaye akakubali kikao kiitwe baada ya Idi, baba mdogo akae kiti cha mbele, shangazi awepo, sisi wa nje tuunganishwe kwa simu, na muhtasari uandikwe na kusainiwa na kila mtu palepale. Akaniuliza cheti cha kifo cha babu kiko wapi, maana bila hicho mahakamani hawapokelewi. Nikampigia shangazi. Anasema anacho, kwenye sanduku lake la mvule, chini ya kanga alizofungia eda bibi, na kwamba miaka yote hii hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumuuliza.