Kompyuta Itajuaje Kwamba Changu ni Samaki?

Mvuvi akitua mnadani Tanga na kusema leo amepata changu, hakuna anayemuuliza chake nini. Kompyuta inayojifunza mambo kwa kusoma maandishi ya mtandaoni haijawahi kufika mnadani. Inachokiona ni maneno ya kushoto na ya kulia, basi.

Kuifundisha ikusanye majina ya samaki huanza na mbegu, yaani majina 10 hadi 15 tunayoipa sisi: changu, tasi, kolekole, jodari. Inazisaka kwenye kurasa, inachukua maneno matatu kabla na matatu baada, inahesabu mikao, yaani mipangilio ya maneno, inayojirudia. "Samaki kama vile" hujitokeza mapema. Mikao hiyo huvuna majina mapya, majina hayo nayo huzaa mikao mipya, kazi inazunguka.

Mzunguko wa pili ndio wa kuogopa. Kompyuta imeshaamini kwamba changu ni samaki, kisha inakutana na "chakula changu na chako". Kwa kuwa "na" huunganisha vitu vya jamii moja, chako naye anakuwa samaki. Mzunguko wa tatu wanaingia chake na chetu. Papa yuko baharini, na Papa mwingine yuko Roma. Nguru ni samaki, ni milima pia, na herufi kubwa haisaidii neno likianza sentensi.

NELL, mfumo ulioanza kusoma mtandao Januari 2010 katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, ulipotea njia hiyohiyo. Kwa Kiingereza, vidakuzi vya intaneti na biskuti vina jina moja, cookies. Ukaviweka kwenye vyakula vya kuoka, na mafaili ya kompyuta yakafuata humohumo.

Nami sikubaliani na wanaotaka tutafsiri mikao ya Kiingereza tuanzie hapo. "Kama vile" itakubali. Lakini kompyuta ikitafuta pia nani alizaliwa wapi, kwa Kiswahili habari hiyo ina sura nyingi: alizaliwa, akazaliwa, aliyezaliwa, mzaliwa wa. Usipoondoa viambishi ukabaki na -zaliw-, utaikosa sentensi inayosema "Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909". Na ukiipata, bado kazi ipo, maana tunasema alizaliwa Tanga, alizaliwa Jumatatu, alizaliwa pacha, bila neno lolote katikati la kutenganisha mahali, siku na hali.

Mbegu zichaguliwe na mtu anayeijua lugha na anayewajua samaki. Changu, papa na nguru wasubiri. Aanze na kolekole, jodari na kibua. Samaki, watu na milima vifundishwe pamoja, ili jina likitokea kwenye makundi mawili lisimamishwe likaguliwe. Jina jipya lisipokelewe mpaka liletwe na mikao mitatu tofauti. Na ukaguzi ufanyike kila mzunguko unapoisha, kwa sababu kosa moja la mzunguko wa pili likifika wa kumi limeshazaa mamia.

Orodha ya majina 50 iliyovunwa na kompyuta, muuza samaki wa Deep Sea, Tanga, ataikagua kwa muda mfupi. Chako atamfuta papo hapo. Atakapofika kwa pweza ndipo atakapouliza: huyu tunauza naye meza moja, lakini je, tumwandike samaki?