Ukitafuta fildi, anza na ofisi ndogo

Kila mwaka, muhula wa pili ukielekea ukingoni, ofisi kubwa za Dar es Salaam hufurika barua za wanafunzi wa vyuo wanaoomba nafasi ya fildi, yaani mafunzo kwa vitendo. Benki Kuu, TRA, Bandari, TANESCO, orodha ni ile ile, na barua zenyewe zinafanana hadi makosa ya herufi. Mimi nafanya kazi katika ofisi ya uhasibu Morogoro, chumba na nusu juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wanaotufikia ni wale waliokosa kwingine kote. Maoni yangu ni kwamba wameanzia mwisho. Ofisi kama yetu ilipaswa kuombwa kwanza. (Najua navutia kwangu, lakini nisikilizeni.)

Angalia kinachompata mwanafunzi kwenye taasisi kubwa. Wiki ya kwanza anazungushwa kutambulishwa. Ya pili anapelekwa masjala kupanga mafaili, maana mfumo wa hesabu una nywila na nywila hapewi mgeni wa wiki nane. Hakuna roho mbaya hapo. Mkaguzi akija atauliza nani aliingiza muamala huu, na hakuna mkuu wa kitengo anayetaka kujibu kwamba ni mtoto wa fildi. Basi kijana anatoa kopi, anapandisha barua ghorofa ya nne, anasubiri saa kumi. Kwenye kitabu chake cha fildi anaandika: "Leo nimejifunza utunzaji wa kumbukumbu." Msimamizi kutoka chuoni akija, kama atakuja na si kupiga simu tu, anakuta muhuri upo na saini ipo. Mambo safi.

Ofisi ndogo haina nafasi ya kukuweka pembeni. Mwezi ukiisha, PAYE, kodi ya mishahara ya wafanyakazi wa wateja, inatakiwa ndani ya siku 7, na ritani za VAT, taarifa za kodi ya ongezeko la thamani, zinatakiwa kabla tarehe 20 haijapita. Mwenye duka la jumla analeta risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, ndani ya mfuko wa rambo, nyingine zimefifia hazisomeki. Lazima mtu akae chini azipange kwa tarehe, atenganishe manunuzi yenye VAT na yasiyo nayo, kisha alinganishe daftari la fedha na taarifa ya benki. Mtu huyo ni wewe. Daftari likipishana na benki kwa shilingi 45,000, utatokwa jasho ukidhani kuna wizi, mpaka mzee wa ofisi akuulize kama umejaribu kuigawa tofauti hiyo kwa 9. Ikigawanyika, anza kutafuta tarakimu zilizobadilishana nafasi: mahali fulani mtu ameandika 27,000 badala ya 72,000. Darasani huenda uliwahi kusikia hilo. Ukilipata mwenyewe saa moja usiku, mteja akiwa anapiga simu, hulisahau.

Wala siwasemei wahasibu peke yao. Msimu wa kununua pamba Simiyu na Shinyanga huangukia likizo ndefu ya vyuo, na AMCOS, vyama vya ushirika vya msingi vya wakulima, wakati huo zinahemewa. Mwanafunzi wa ushirika au wa uchumi kilimo akikaa penye mizani ataona mkulima na karani wakibishania kilo, ataandika stakabadhi, ataelewa kwa nini malipo yakichelewa wiki moja kijiji kizima kinanuna. Anayesoma maendeleo ya jamii aende ofisi ya kata, akahangaike na vikundi vinavyoomba ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Akishasoma katiba za vikundi kumi na kugundua tatu zimenakiliwa mahali pamoja, hapo ameanza kazi.

Madaktari siwahusishi, wao wana mwaka wao wa mafunzo hospitalini baada ya kuhitimu. Wahandisi nao wana mpango wa SEAP wa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, miaka 3. Sisi wengine, watu wa biashara, utawala na uchumi, tumeachiwa wiki chache za likizo tujue wenyewe.

Nitaambiwa jina kubwa linapendezesha wasifu. Linapendezesha, ndiyo. Lakini nafasi za serikali za daraja la II, zile za kuanzia kazi, mara nyingi hazidai uzoefu, na kwenye usaili wa mchujo jina la taasisi uliyofanyia fildi halikuongezei hata alama moja. Kwa mwajiri binafsi, yule anayetaka uzoefu wa miaka mitatu kwa kijana wa miaka ishirini na nne, swali la kwanza ni ulifanya nini pale. "Nilikuwa masjala" ni jibu fupi mno.

Kuna suala la hela. Mwenye mkopo hupata fedha za mafunzo kwa vitendo kutoka Bodi ya Mikopo. Asiye nao anajigharimia, na ofisi ndogo nyingi hazitoi posho. Ofisi inayomkeshesha mwanafunzi mwisho wa mwezi bila hata nauli na chakula inamnyonya, nasema wazi. Ila hesabu bado inaelemea nyumbani: kijana wa Maswa kule Simiyu anayepanga chumba Sinza, Dar, ili akapandishe barua ghorofani analipia umesenja wake mwenyewe.

Ukimaliza, usiridhike na barua inayosema ulikuwa mtiifu na mchapakazi. Andika rasimu mwenyewe: uliandaa ritani za wateja gani, kwa aina ya biashara bila kutaja majina yao, ulisawazisha akaunti zipi, ulikuta kosa gani. Mpe bosi aisome, akate asichokubaliana nacho, asaini. Kwetu itasainiwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa anayesaini alikaa meza moja na wewe. Kule ghorofani itapelekwa idara ya utumishi, na utumishi hawakuwahi kukuona ukifanya chochote.