Finding Dory na wale waliowekwa ili wachekwe

Filamu ya katuni Finding Dory ilipoingia katika kumbi za sinema mwezi Juni 2016, miaka 13 ilikuwa imepita tangu itoke Finding Nemo, ambamo baba samaki, Marlin, anavuka bahari kumtafuta mwanawe akisaidiwa na Dory, samaki wa buluu wa jamii ya kangaja anayesahau jambo punde tu baada ya kuambiwa. Mwendelezo huo, ambamo Dory naye anawatafuta wazazi wake aliopotezana nao utotoni, uliingiza takriban dola milioni 135 Amerika ya Kaskazini katika siku tatu za kwanza, kiwango ambacho hakuna filamu ya katuni iliyokuwa imekifikia huko hadi wakati huo, na hatimaye ukapita dola bilioni 1 duniani kote. Kwamba filamu ilipendwa si jambo la kubishaniwa. Kinachostahili kujadiliwa ni mgawanyiko uliojitokeza miongoni mwa watazamaji kuhusu swali moja: nani ndani ya hadithi hii amepewa heshima, na nani amewekwa ili achekwe?

Yapo malalamiko mengine, nayo ni mepesi zaidi. Baadhi ya watu walisema hadithi ni ile ile, ila anayetafutwa amebadilishwa. Wengine walikerwa na sehemu ya mwisho, ambapo pweza Hank anaendesha lori barabarani huku Dory akimwelekeza, hadi linatumbukia baharini. Ni kweli kwamba tukio hilo limevuka mipaka ya ulimwengu uliojengwa kwa uangalifu katika filamu ya kwanza, lakini sioni kwamba linatosha kuihukumu kazi nzima.

Sifa kubwa waliyoitoa walioipenda ni kwamba filamu imemgeukia Dory mwenyewe. Mwaka 2003 usahaulifu wake ulikuwa chanzo cha vichekesho, na ni mara chache tulipotakiwa kujiuliza unamwumiza kiasi gani. Safari hii tunamwona akiwa mdogo, akifundishwa na wazazi wake namna ya kuwaeleza wengine hali yake kabla hawajamshangaa, na tunawasikia wazazi hao wakihofu usiku juu ya maisha yake ya baadaye. Baadaye Marlin, kwa hasira, anamwambia kwamba kusahau ndicho kitu anachokiweza kuliko vyote, na ukumbi uliozoea kumcheka unalazimika kuyasikia maneno hayo kwa masikio ya Dory. Kisha inakuja mistari ya makombe yanayotandazwa kwenye sakafu ya bahari na wazazi ambao kwa miaka mingi hawakuacha kuamini kwamba mtoto wao, akiikuta, ataifuata hadi nyumbani. Kwa mzazi anayelea mtoto mwenye ulemavu, nadhani hakuna tukio katika filamu hizi mbili linalosema ukweli kuliko hilo. Halimwahidi kwamba mtoto atapona. Linaonyesha tu kwamba njia inaweza kutengenezwa kwa kadiri ya uwezo wake.

Kwa msingi huo, hoja ya upande wa pili inauma zaidi. Wapo watazamaji, wakiwamo watu wenye ulemavu na wazazi wa watoto wenye ulemavu wa akili, waliotoka wakiwa wamevunjika moyo kwa sababu ya wahusika wawili wadogo: Becky, ndege mwenye macho ya kuduwaa na manyoya yaliyovurugika, na Gerald, simba bahari anayetamani kupanda juu ya jiwe walipolala wenzake wawili, ambao humfukuza kwa kelele kila anapojaribu. Wote wawili wamechorwa kwa namna ambayo watu wengi waliihusisha mara moja na ulemavu wa akili, na kicheko kinachotarajiwa kwa mtazamaji kinatokana na sura na mwenendo wao.

Wanaoitetea filamu hujibu kwamba karibu kila mhusika hapa ana upungufu fulani na wote huchekesha. Nemo ana pezi dogo, Hank amebaki na mikono saba, na Destiny, yule papa potwe ambaye wenzetu wa kisiwa cha Mafia wanamjua vizuri kwa jina hilo, haoni mbali na hujigonga ukutani. Kwa nini basi Becky na Gerald waonekane kuwa wamedhalilishwa?

Jibu, kwa maoni yangu, liko katika jambo ambalo watetezi hawalitazami: Destiny, Hank na Dory wanazungumza. Wanaeleza hali zao, wanakasirika, wanajitetea, wanachagua. Destiny anapojigonga tunacheka, lakini muda si mrefu tunamsikia akikiri hofu yake na kuishinda. Becky na Gerald hawana neno hata moja. Wanatoa milio tu. Filamu imewapa heshima kamili wale wanaoweza kujieleza, ikawaachia mzaha wale wasioweza, ilhali katika maisha halisi ndio hao, watoto na watu wazima wasio na lugha ya kueleza wanachotaka, ambao huzomewa zaidi na kuaminiwa kidogo zaidi.

Hata hivyo, mambo ya wawili hao hayalingani, na wakosoaji waliowaweka katika kapu moja hawakumtendea haki Becky. Nemo anamsihi baba yake amwamini ndege huyo. Marlin anasita, na kusita kwake kunachangia kuharibu mpango wa kubebwa na ndege huyo ndani ya ndoo hadi alipo Dory. Baadaye, wakiwa wamekwama ndani ya lori, ni Becky anayeitwa, naye anakuja kuwatoa baba na mwana. Kosa la Marlin limeonyeshwa kuwa kosa, na mtoto anayetazama anaweza kuliona bila kuelezwa. Gerald hakupewa lolote la namna hiyo. Anaalikwa kwenye jiwe ili tu ndoo yake ichukuliwe, kisha anafukuzwa tena, na hakuna mhusika yeyote, hata Nemo aliyemtetea Becky, anayesema kwamba amedhulumiwa.