Sabufa Coco Beach: nani anapaswa kupunguza?

Jumapili moja alasiri nilimpeleka mama yangu Coco Beach, ufukwe wa Dar es Salaam. Alikuwa ametoka Tanga kuja kututembelea, na haja yake ilikuwa ndogo tu: apigwe na upepo wa bahari, ale mihogo ya kukaanga yenye kachumbari na pilipili. Tukatandika mkeka kivulini. Kulia kwetu vijana walikuwa na spika ya kuchaji, wanapiga singeli. Kushoto, upande wa barabara, gari lilikuwa limefunguliwa buti, sabufa mbili zinatoa amapiano. Sisi tuliokuwa katikati hatukusikia wimbo hata mmoja ukaeleweka. Muuza mihogo aliuliza mara tatu kama tunataka ya elfu moja au ya elfu mbili, mwisho akaonyesha kwa vidole.

Hilo lingepita. Lililonikaa moyoni ni la mwanamke aliyekuwa mbele yetu, akimwita mwanawe atoke majini kwa sababu maji yalikuwa yanajaa. Nilimwona mdomo unafunguka na mkono unapunga, lakini jina analoliita sikulisikia, nami nilikuwa kama hatua ishirini tu nyuma yake. Mtoto naye hakugeuka. Ikabidi mama wa watu akusanye dera lake, aingie majini hadi magotini kumfuata.

Tangu siku hiyo nimebishana na wengi kuhusu muziki wa ufukweni, na naona tunabishana vibaya. Upande mmoja unasema muziki ni kero, upigwe marufuku. Mwingine unasema ufukwe ni wa wote, asiyetaka ahame.

Nianze na wenye muziki, maana hoja yao hudharauliwa upesi. Kijana aliyepanga chumba kimoja Manzese au Tandale, anayetenganishwa na jirani kwa ukuta mmoja, hana sebule wala bustani. Klabu ina kiingilio, na ukishaingia unatakiwa ununue kinywaji. Ufukwe ni bure. Yeye na wenzake sita wakichangia nauli, maji na spika moja, hiyo ndiyo sherehe yao ya mwezi. Kumwambia avae hedifoni ni kutoelewa anachofanya pale. Singeli haichezwi na mtu mmoja mmoja, kila mmoja na nyuzi zake masikioni. Inataka kundi, kama zilivyotaka kundi ngoma za pwani tangu enzi za mababu, nazo zilichezwa uwanjani, nje, kila mtu akisikia.

Tena, anayelilia kimya mara nyingi ana mahali pengine pa kukipata. Ana nyumba yenye ua na miti. Akichoka na Coco, kiyoyozi kinamsubiri. Ndiyo maana kila nisikiapo neno "marufuku" huwa nauliza litamwangukia nani. Litamwangukia yule wa Manzese, na pengine spika yake iliyonunuliwa kwa kudunduliza itabebwa isirudi.

Hapo nakubaliana nao kabisa. Pale wanaposema asiyetaka ahame, ndipo tunapoachana. Anayehama si mwenye nyumba yenye ua, huyo hata hakuja. Anayehama ni mama mwenye kichanga kilichoshtuka usingizini. Ni mzee ambaye masikio yake yamechoka, na kelele ikiingia hatambui tena neno hata moja la mjukuu wake. Ni vijana wengine maskini vilevile, waliokuja na gitaa moja au na sauti zao tu. Watoto wanaocheza ukuti ukuti hawawezi kushindana na sabufa. Muziki mkubwa hauondoi kimya peke yake, unaondoa na muziki mdogo wote ulio karibu nao.

Hesabu yenyewe inasaidia kuona ukubwa wa jambo. Mahali pa wazi, kila umbali unapozidi mara mbili, sauti hushuka kama desibeli 6 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Watu wawili wanaozungumza kwa kawaida, wakiwa mita moja kutoka kwa kila mmoja, wanafikia desibeli 60 hivi. Chukua spika ya mkononi inayotoa desibeli 80 kwa mtu aliye mita moja nayo. Mita 10 mbali inabaki 60, yaani imelingana na mazungumzo ya jirani. Sasa chukua gari linalotoa desibeli 100 kwa umbali uleule wa mita moja. Sauti yake inashuka hadi 60 baada ya mita 100. Upepo na mawimbi yatabadilisha tarakimu hizo kidogo, lakini sura ya jambo ni hiyo: mwenye spika ndogo amechukua eneo la kundi lake na majirani wachache, mwenye gari amechukua mita mia za ufukwe kila upande ilhali yeye amekaa kwenye kiti kimoja cha plastiki. Na besi, ile sauti nzito ya chini, hupita mbali kuliko maneno ya wimbo, inazunguka miti na vibanda, ndiyo maana unaweza usijue wanaimba nini lakini kifua kinadunda.

Kisha kuna mashindano. Mwaka 1911 daktari Mfaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu akizungukwa na kelele hupaza sauti bila hata kukusudia. Ufukweni utaliona hilo saa kumi na moja jioni: kundi la kwanza linapandisha ili lisikie wimbo wake, la pili linapandisha kwa sababu ya la kwanza, wauzaji wanapiga kelele, wanunuzi wanapiga kelele. Hakuna aliyekuja na nia mbaya.

Sheria je? Ipo. Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na chini yake kanuni za viwango vya kelele na mitetemo za mwaka 2015. Mwaka 2023 NEMC, baraza la taifa la mazingira, ilifungia makumi ya baa na kumbi kwa sababu ya kelele. Lakini baa ina leseni, mmiliki na mlango wa kufungwa. Spika ya ufukweni haina anwani, na kabla mkaguzi hajafika na kipimo chake, wenyewe wameshapanda daladala.

Kanuni za kelele za Kenya za mwaka 2009 zina kitu ninachokipenda zaidi ya tarakimu zake. Ili kuamua kama kelele imezidi, zinataka mtu aangalie ni saa ngapi, makazi ya watu yapo umbali gani, kelele ni ya mfululizo au ya kupita, imekuzwa kwa mitambo au la, na kama mwenyewe angeweza kuipunguza bila taabu wala gharama kubwa. Hayo mawili ya mwisho ndiyo kiini cha mambo ya ufukweni. Anayepiga makofi na kuimba anachoka, na sauti yake ina mwisho. Spika haichoki, na kuipunguza ni kazi ya kidole kimoja.

Na adabu ya sauti sisi tunayo tayari, hatuhitaji kufundishwa na mtu. Kukitokea msiba mtaani, redio zinazimwa bila mjumbe kupita nyumba kwa nyumba. Pwani yetu, adhana ikiadhiniwa, wengi hushusha muziki hata kama si Waislamu. Kinachotushinda ufukweni ni kwamba adabu hiyo imejengwa juu ya kufahamiana. Mtaani najua kwamba nyumba ya tatu kuna mgonjwa. Coco sijui aliyekaa nyuma yangu amekuja na nini, na yeye kwa kuniogopa au kwa aibu hataniambia. Kwa hiyo kumsubiri alalamike hakutoshi. Mwenye sauti ndiye anayepaswa kujua inafika wapi.

Siku ile nilikwenda kwa vijana wa singeli. Nikawasalimia, nikasema, "Wadogo zangu, samahani, nina mama pale, tunaomba mpunguze kidogo." Mmoja akainuka, akanifuata mpaka mkekani. "Shikamoo mama. Kumbe inafika huku?" Akachuchumaa, akasikiliza, akampungia mwenzake ashushe. Akashusha. Akampungia tena. "Hapo je, mama?" Mama akamwambia, "Hapo sawa, baba." Waliendelea kucheza hadi jua linazama, na sisi tukaendelea kula. Hakuna aliyepoteza kitu. Kijana alikuwa hajawahi kusimama pale tulipokaa sisi, basi.

Kwa gari haikuwezekana. Nilipofika sikumkuta mtu. Mwenyewe alikuwa ameliacha likiunguruma, ameenda kula mishikaki upande wa pili. Muziki ule hata yeye hakuwa anausikiliza.

Ndiyo maana siwezi kuviweka vitu hivi viwili kwenye kapu moja. Spika ya mkononi iachwe, mwenyewe atembee hatua ishirini kila upande na asikilize kabla hajakaa. Sikukuu za Idi, Krismasi na mkesha wa mwaka mpya ni habari nyingine, kila aliyekuja amekuja kwa ajili ya umati. Lakini gari lenye buti wazi lisipige muziki ufukweni, na hapo naona Manispaa ya Kinondoni ina haki ya kuweka katazo, kwa kuwa gari lina namba na linaweza kuambiwa liondoke.

Katazo hilo likija, lisiishie mchangani. Zipo baa na hoteli za ufukweni jijini ambazo spika zao za ukumbini zinatingisha maji usiku kucha, tena zina leseni na simu ya meneja. Mkaguzi aanzie huko. Akianza na vijana sita wa Manzese, watajua mara moja katazo limeandikwa kwa ajili ya nani, na safari nyingine wakiombwa wapunguze hawatainuka kuja kusikiliza.