Tunaomba ruhusa tumrudishe nyumbani

Huku Mbeya sijawahi kumsikia ndugu wa mgonjwa akimwambia daktari azime mashine. Tunachosema ni "tunaomba ruhusa tumrudishe nyumbani". Mgonjwa anayeshikiliwa na oksijeni na mpira wa puani anapakiwa kwenye gari kuelekea kijijini, na wote waliomo wanajua safari hiyo inaishia wapi. Uamuzi umeshafanyika, ila hakuna aliyeutamka.

Baba mkubwa aliondoka hivyo. Kiharusi kilimpata katikati ya msimu wa kahawa huko Mbozi, akaletwa jijini akiwa hajitambui. Siku ya tisa daktari akasema damu imevuja sana kwenye ubongo na hatarajii azinduke. Jioni ile kikao kikakaliwa kwa shangazi, Uyole. Wadogo zake walitaka akafie kwake, karibu na makaburi ya wazee. Kijana wake mkubwa akasema kumtoa hospitali ni kumuua.

Kijana hakuwa anaropoka. Kifungu cha 203 cha Kanuni ya Adhabu kinamhesabu mtu kuwa amesababisha kifo hata kama ameharakisha tu kifo cha mgonjwa ambaye ugonjwa wenyewe ungemuua, iwe kwa kutenda au kwa kuacha kutenda. Imani nayo ilikuwa upande wake: mtu hafi siku isiyo yake, na siku hiyo haijui daktari. Kuna kisa cha Marekani ambacho angeweza kukishika kwa mikono miwili. Karen Ann Quinlan alizimia mwaka 1975 akiwa na miaka 21. Wazazi wake walikwenda mahakamani kuomba aondolewe mashine ya kupumulia, wakakubaliwa mwaka 1976, na wengi walidhani atakata roho papo hapo. Alipumua mwenyewe hadi mwaka 1985.

Lakini hakuzinduka hata siku moja katika miaka hiyo. Wazazi wale walikuwa Wakatoliki, na walisimama kwenye neno la Papa Pius XII, aliyewaambia madaktari mwaka 1957 kwamba hakuna anayelazimika kurefusha uhai kwa njia zisizo za kawaida. Mashine waliiona ni mzigo uliopita kiasi. Mpira wa chakula hawakuomba utolewe, wakaendelea kumtembelea binti yao hadi mwisho. Kisa hicho kinanishawishi kwamba kuacha kukizuia kifo si sawa na kuua, mradi mgonjwa haachwi mwenyewe. Hapo natofautiana na kijana wa baba mkubwa, ingawa namheshimu.

Ninachokikataa ni giza tunamoamulia. Aliyekufa ubongo hatarudi, hata kama moyo unadunda kwa nguvu ya mashine. Aliye kwenye koma anaweza kuzinduka. Mwingine amelala tu kwa dawa za usingizi alizopewa ili avumilie mpira ulio kooni, na ukimtazama utadhani ameshakwenda. Ndugu wanaambiwa "hali yake si nzuri, tumwachie Mungu", halafu wanasogezewa karatasi wasaini. Hatujui tunasaini nini! Daktari anayeogopa kututisha anatutwisha mzigo mkubwa zaidi.

Halafu kuna fedha. Wapo wanaosema kuitaja fedha mbele ya uhai ni aibu, na naelewa wanatoka wapi. Ila katika kikao kile ilikuwepo tangu mwanzo, imevaa nguo za huruma. "Tusimtese mzee", alisema mmoja, na sote tulijua bili inapanda kila kukicha na kwamba kumsafirisha mgonjwa ni nafuu kuliko kusafirisha maiti. Ekari moja ya kahawa ilishauzwa. Kwangu, familia inayokataa kuuza shamba la mwisho linalosomesha watoto haijatenda dhambi. Baba mkubwa mwenyewe, aliyelipanda, asingekubali liuzwe. Lakini iseme wazi kwamba fedha imekwisha, maana fedha ina majibu yake: pengine bima, pengine msamaha wa hospitali, pengine harambee ya ukoo. Ikijificha ndani ya neno "kumtesa", anayeumia ni yule ambaye angeweza kupona na alikosa wiki mbili tu.

Nani basi aseme? Marekani mume na wazazi wa Terri Schiavo, mwanamke aliyeishi miaka mingi bila kujitambua akilishwa kwa mpira, walivutana mahakamani miaka kadhaa, mume akisema mkewe hakutaka kuishi hivyo, wazazi wakisema binti yao bado yupo. Mpira wa chakula ulitolewa Machi 2005, akafa baada ya siku 13. Watu wengi walimlaumu mume. Mimi najiuliza kwa nini kwetu ugomvi huo hautokei, na jibu halinipendezi: mwenzi hapewi nafasi ya kugombana. Aliyelala naye miaka arobaini, aliyemsikia usiku akisema anaogopa nini na anataka nini, anakaa jikoni na wapishi wakati mashemeji wanaamua.

Baba mkubwa alikata roho gari likiwa Mlowo, kabla hajaliona shamba lake. Karatasi ya ruhusa ilisainiwa na mdogo wake. Mama mkubwa alikuwa kiti cha nyuma, amempakata kichwa. Miezi baadaye aliniambia kwamba mumewe aliwahi kumwomba, kiharusi kikimjia kama kilivyomjia baba yake, asihamishwehamishwe. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.