Usijibanze ukingoni mwa lami

Kila anayeendesha baiskeli Dar es Salaam ameshaambiwa: "Kaa pembeni kabisa." Wanaosema hivyo wana nia njema, lakini naamini ushauri huo unaangusha watu. Pembeni kabisa ndiko mchanga unakojikusanya na lami inakomegeka. Kuna mahali lami imeachana na udongo kwa kimo cha kiganja. Tairi la mbele likidondoka pale, ukakata usukani kidogo ulirudishe, linasugua ukingo bila kupanda, nawe unalala upande wa kulia, kwenye magari. Likidondoka, liache huko huko. Punguza mwendo, shuka, kokota baiskeli hadi juu.

Kaa kama mita moja kutoka ukingoni. Hapo dereva wa nyuma anakuona mapema, na hawezi kukupita bila kusogea kulia. Shimo likitokea, una pa kukwepea. Kwenye magari yaliyoegeshwa, acha upana wa mlango, wala usiingie kwenye mapengo kati yake, maana kila unapochomoza unamshtua aliye nyuma.

Daladala ikisimama kituoni, usipite kushoto kwake, abiria wanashukia huko. Subiri nyuma, au geuza shingo juu ya bega la kulia, hakikisha kweupe, nyoosha mkono, ndipo upite.

La kuogopwa zaidi ni lori lenye tela, kama yale yanayotoka bandarini kupitia barabara ya Mandela. Likitaka kukata kushoto, dereva hulivuta kwanza kulia apate nafasi. Upande wa kushoto panabaki uwazi unaoonekana kama njia. Si njia! Kichwa kikishapinda, magurudumu ya tela hayafuati alama za yale ya mbele. Yanakata ndani na kuufagia uwazi wote hadi kwenye ukingo, na dereva hakuoni kwenye kioo. Kwenye mataa kaa nyuma ya lori, hata kama mbele kuna nafasi ya baiskeli kumi.

Mvua ikinyesha, breki za fito za baiskeli aina ya Phoenix hazishiki vizuri kwenye rimu ya chuma iliyolowa. Zibane kidogo kidogo mita nyingi kabla ya makutano ili raba zifute maji, kisha ndipo ubane kwa nguvu. Raba iliyolika hadi karibu na chuma ibadilishe leo.

Usiku, taa ya dinamo huzimika baiskeli ikisimama, yaani pale pale kwenye mataa unapohitaji kuonekana. Ongeza taa nyekundu ya betri nyuma. Na kwa wabeba mkaa, rifleta ya kwenye madigadi haina kazi ikiwa gunia limeifunika. Ifunge kwenye gunia lenyewe, upande wa nyuma, usawa wa macho ya dereva wa gari dogo.