Waacheni watoto wapige kelele: The Linda Lindas na ndoo za rangi uani kwetu Nkuhungu, Dodoma

Jumamosi iliyopita saa kumi jioni mzee jirani yangu alikuja getini. Nikamwamkia shikamoo mzee, akaitikia marahaba kijana wangu, af akanyamaza kidogo, akasema "hawa watoto wako wanajenga nini humo ndani?" Na haki anayo, manake binti zangu wawili, mmoja yuko la tano mwingine la pili, walikuwa wamepindua ndoo za rangi nne pale uani wanazitandika kwa mwiko na kipande cha mpini wa fagio tangu tumalize kula. Yule mdogo alikuwa amegundua kwamba ukiweka kifuniko juu ya ndoo na mchanga kidogo juu ya kifuniko unapata mlio wa "chaa" kabisa kama wa drams za kweli, basi hakutaka tena kuachia ile ndoo, dada yake anamwambia nipishe na yeye hasikii. Nilimuomba mzee radhi, tukakubaliana wataacha saa kumi na mbili. Ila sikuwanyamazisha, na ndo nataka nieleze kwanini.

Hawa watoto wameambukizwa na mimi. Kuna bendi inaitwa The Linda Lindas, ya Los Angeles huko Marekani, nimewasikiliza sana hii miaka, na kila nikiwasha spika watoto wanakuja kukaa. Ni mabinti wanne: Lucia de la Garza anapiga gitaa, mdogo wake wa tumbo moja Mila anapiga drams, Eloise Wong ambaye ni binamu yao yuko kwenye besi, na Bela Salazar rafiki yao kwenye gitaa lingine. Kwa hesabu za kwetu hao watatu ni ndugu tu, hakuna cha binamu, na huyo wa nne kwa jinsi alivyokulia humo humo ashakuwa ndugu. Wanapiga pop panki. Najua huku ukisema panki mtu anawaza kunyoa, ila naongelea muziki: magitaa ya umeme yenye mlio wa kukwaruza, drams za mbio, kodi za gitaa tatu au nne tu, wimbo unaisha kabla chai haijapoa, ila sauti ya kuimba ni tamu kiasi kwamba hata asiyejua Kiingereza anaweza kufuatisha kiitikio. Huo utamu ndo "pop" yenyewe.

Walianza 2018 wakiwa watoto kabisa. Dunia ikawajua Mei 2021 pale walipopiga shoo ndani ya maktaba ya umma ya Los Angeles, kati ya mashelfu ya vitabu, maktaba ikaweka klipu mtandaoni na ikasambaa kama moto wa kiangazi. Mila alikuwa na miaka 10, Eloise 13, Lucia 14, Bela 16. Kabla ya wimbo wa kwenye hiyo klipu Mila anaongea kwa kifupi, anasema muda mfupi kabla ya lokdauni ya korona mvulana wa darasani kwao alimwambia kwamba baba yake kamuonya akae mbali na Wachina, Mila akamjibu mimi ni Mchina, na yule mvulana akarudi nyuma akajitenga nae. Basi yeye na Eloise wakaandika wimbo juu ya hilo. Mtoto wa miaka kumi! Anahesabu kwa fimbo za drams, af wote wanaingia kwa pamoja, Eloise anaunguruma kwenye maiki kama simba jike. Mara ya kwanza nilirudia ile klipu mpaka bando likakata.

Siku chache tu baadae Epitaph, lebo kubwa ya panki huko kwao, yani kampuni ya kutoa muziki, ikawasaini. Aprili 2022 wakatoa albamu ya kwanza, Oktoba 2024 ya pili, na mwaka huo huo wa 2024 walikuwa wanawafungulia Green Day, bendi kubwa ya panki, kwenye viwanja vya mpira vya Marekani.

Sasa watu wengi wakisimulia hii habari wanasema ni bahati ya klipu. Mi sikubali. Klipu ilikuta watoto ambao tayari wana miaka mitatu wanapiga pamoja, na kabla ya hapo nyumba zao zilikuwa zimejaa vyombo. Baba yao kina Lucia na Mila, Carlos de la Garza, ni prodyuza, ndo aliyewatengenezea hiyo albamu ya kwanza na ndo huyo huyo aliyesimamia albamu ya Paramore, bendi ya roki ya Marekani, iliyotoka 2023. Baba yake Eloise, Martin Wong, ni mmoja wa waanzilishi wa jarida la Giant Robot, na kwa miaka alikuwa anaandaa shoo za panki za mchana pale Chinatown, mtaa wa Wachina wa Los Angeles, kuchangisha hela ili shule ya msingi ya pale iwe na somo la muziki. Hebu lisome hilo tena taratibu. Mzazi anaita bendi zipige mchana, watoto wanaingia, kiingilio kinaenda kumlipia mwalimu wa muziki wa shule ya msingi. Hawa mabinti walikuwa wanakaa mbele kwenye hizo shoo wakiwa wadogo wanaangalia wakubwa wanavyofanya. Kwahiyo ukiniuliza hii bendi ilianza lini ntakwambia ilianza pale wazazi walipoamua kelele ziruhusiwe.

Na mbona hili sisi watu wa Dodoma ndo lilitakiwa liwe la kwetu kabisa! Nenda kijiji chochote cha Ugogo kwenye sherehe uone muheme, akina mama wamebana ngoma katikati ya mapaja wanapiga na binti mdogo kasimama pembeni anaangalia mikono ya bibi yake. Hakuna aliyemwandikia noti. Kwahiyo watu wa mitandaoni walivyoshangaa mtoto wa kike kukaa kwenye drams mi sikushangaa hilo, Wagogo ngoma ziko mikononi mwa wanawake toka enzi. Af kuna ukoo wa Zawose. Hukwe Zawose, Mgogo wa huku huku aliyeenda kufanya kazi Bagamoyo, alizunguka dunia na zeze na ilimba, ile ala ya vyuma inayopigwa kwa vidole gumba, na kundi lake lilikuwa ni familia, watoto, wapwa, wote humo humo. Alifariki 2003 ila nyumba haikunyamaza: binti yake Pendo na mjukuu wake Leah, ambao miaka mingi walikuwa wanaimba na kucheza nyuma ya wanaume, 2024 walitoa albamu yao wenyewe chini ya lebo ya Real World ya Uingereza kwa jina la The Zawose Queens. Mwaka ule ule ambao kina Mila wanapiga viwanjani na Green Day. Nikiziweka hizo mbili pamoja mwili unanisisimka, kwakweli.

Ndugu wakipiga pamoja kuna kitu kinatokea ambacho huwezi kukinunua. Wamelala chumba kimoja, wameimba pamoja wakati wanaosha vyombo, yani mmoja akivuta pumzi mwenzake ashajua anaingilia wapi. Watu wa zamani mtawakumbuka Simba Wanyika, ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokwenda kuanzisha bendi Kenya 1971, sikiliza yale magitaa yanavyopishana bila kugongana. Hata Ramones wa New York, ambao panki yote imepita mikononi mwao kuanzia 1974, hawakuwa ndugu hata kidogo lakini wote walijipa jina moja la ukoo, Ramone. Walijua wenyewe walichokuwa wanakitafuta.

Najua pia kuna upande wa pili. Ndugu wakigombana bendi inapasuka pabaya, Paramore walionja hiyo Desemba 2010 pale Josh na Zac Farro, gitaa na drams, walipoondoka kwa pamoja, ukiondoka mmoja ndugu yake habaki. Zac alirudi 2017, kaka yake hakurudi. Kwahiyo sisemi ni rahisi. Wanangu wenyewe wanagombania ndoo moja kila siku na kuna siku mwiko umevunjika mgongoni mwa mtu.

Ila ngoja niseme la kwangu. Mimi na kaka yangu tulikulia kwa baba mkubwa kule Kongwa. Kaka akiwa na miaka 13 alitengeneza gitaa: galoni la mafuta ya kula la lita tano, ubao wa kreti la nyanya, misumari ya kukazia, na nyuzi zilikuwa waya za breki za baiskeli, unachambua ule mkufu wa waya uzi mmoja mmoja mpaka vidole vinatoka damu. Mi nikawa napiga debe la mahindi. Tulipiga likizo nzima, jioni watoto wa mtaa wanajaa pale kwenye mwembe, na tulikuwa tumefikisha nyimbo sita za kwetu wenyewe. Siku moja tumerudi kuteka maji tukakuta baba mkubwa amezikata zile nyuzi na praizi, zote nne, na galoni amelitia mafuta ya taa. Akasema muziki ni wa walevi, nendeni mkasome. Hakuwa mtu mbaya, alitulisha na kutusomesha, ila lile galoni linanukia mafuta ya taa hadi leo puani mwangu. Kaka hakutengeneza lingine. Sa hivi ni fundi rangi, anapiga rangi nyumba za Iyumbu na kule Mtumba, na akiwa anasubiri rangi ikauke vidole vyake vinapiga kwenye ukingo wa ndoo, hata yeye hajui kama anapiga.

Hizo ndoo za uani kaleta yeye. Alikuja nazo kwenye bodaboda, ndoo nne za lita ishirini zimefungwa kwa mpira, hakusema ni za nini. Akaziosha kwa tina, akazipindua, akagonga moja moja akisikiliza, moja akaitoboa tundu chini kwa msumari wa moto, akagonga tena, akatikisa kichwa, akaongeza tundu lingine. Af akamwambia yule mkubwa "hii ndo besi yako, usimpe mdogo wako mpaka ajue kuhesabu nne". Sikumbuki mara ya mwisho kumuona kaka ana uso ule.

Kwahiyo nyie wazazi wenzangu wa Nkuhungu, Chang'ombe, Ipagala, Nzuguni, kote, nawaomba kwa moyo wangu wote, mtoto akianza kugonga sufuria usikimbilie fimbo. Mwekee saa. Mpe uani. Ongea na jirani mapema kabla hajaja getini, mi nimejifunza hilo Jumamosi. Na walimu, najua vipindi vimebana na madarasa yamejaa, ila nusu saa ya ngoma Ijumaa mchana haimfelishi mtoto hesabu. Sisi tuna bibi zetu wanaojua muheme na bado wapo hai, wanakaa barazani huko Chamwino na Bahi wanasubiri kuulizwa.

Mzee jirani jana nimepishana nae dukani akaniuliza "leo mbona kimya?" nikamwambia wana mtihani. Akasema aa, basi sawa, ila yule mdogo anawahi kuingia, mwambie asubiri.

Kama kuna mtu hapa Dodoma anauza drams zilizotumika, za kanisani, za bendi iliyovunjika, hata ngozi ikiwa imechanika, aseme kwenye komenti. Kaka amesema ngozi atashughulikia yeye.